Aliyemtengenezea mkewe mwewe, kisha akamwonea wivu

Na Mwandishi Wetu, Sumbawanga

Saa moja na robo asubuhi. Baridi ya kipupwe bado inauma vidole, na Polikarp Evaristi amesimama juu ya kilima cha Mollo, rimoti ikining'inia shingoni kwa kamba ya katani, ndege isiyo na mkia ikiwa mkononi. Anasubiri upepo upande kutoka bondeni.

Upepo unakuja na kulaza nyasi. Polikarp anapiga hatua tatu za haraka, anaisukuma ndege mbele kwa mkono wa kulia, kisha anadaka vijiti viwili vya rimoti. Ndege inanyanyuka, inasita, inainama upande wa kulia. Anavuta vijiti vyote viwili mpaka mwisho. Ndege inajipindua na kudondokea kwenye ulezi.

Mwandishi, aliyekuwa akitazama saa yake, amehesabu sekunde kumi na moja.

"Jana zilikuwa tisa," anasema Polikarp, na huwezi kujua kama anajisifu au anajitetea.

Chini ya kilima, katikati ya shamba, mwanamke aliyejifunga kitenge juu ya sweta anagonga debe kwa fimbo kuwafukuza ndege wadogo wanaokula ulezi. Anaitwa Edith, naye ni mke wa Polikarp. Hainui kichwa hata mara moja kutazama kilimani. Mpaka wiki tatu zilizopita yeye ndiye aliyekuwa akiirusha ndege hiyo, na ilikuwa ikikaa hewani mpaka betri zichoke.

Kusema kweli, gazeti hili lilikwenda Sumbawanga kumtafuta Edith, si mumewe. Habari za "Mama Mwewe", mwanamke wa Kifipa anayelinda mashamba kwa ndege ya rimoti, zilimfikia mwandishi akiwa gulioni Chala. Alipofika nyumbani kwao Malangali, Edith alimkaribisha vizuri, akamletea maji ya kunawa na ugali wa ulezi, kisha akasema hana habari yoyote ya ndege ya kumpa mtu.

Mumewe ndiye aliyevuta kigoda. "Kaa hapa, ndugu mwandishi," alisema. "Aliyetengeneza ni mimi."

Polikarp ana umri wa miaka arobaini na mitatu, na ni fundi redio tangu mwaka 1982. Kibanda chake cha mabanzi kiko kando ya barabara ya Malangali, kimejaa spika zilizochanika, kaseti zilizokwama na waya za kila rangi. Ni mwembamba, mwenye macho ya kuchungulia, na anapoongea hupenda kushika kitu mkononi, kama bisibisi au kipande cha risasi ya kuchomelea.

Anaikumbuka vizuri enzi ya duka la ushirika, wakati redio ilikuwa mali ya ukoo na ikinyamaza ililetwa kwake imefungwa kwa blanketi. "Wiki haikupita bila redio kumi na tano mezani," anasema. "Siku hizi zikifika nne, nashukuru Mungu. Soko huria limeleta redio nyepesi za kila rangi. Mtu ananunua kama anavyonunua kandambili. Ikikata, anatupa, ananunua nyingine."

Soko huria hilohilo ndilo lililomletea boksi. Mwaka juzi, mfanyabiashara wa mitumba pale Chala alifungua robota la nguo za watoto na kukuta katikati yake boksi la bati, limewekwa na mtu asiyejulikana katika nchi asiyoijua. Ndani mlikuwa na rimoti yenye vijiti viwili, kipokezi kidogo kinachofanana na redio isiyo na spika, na mota tatu zinazolingana na viberiti, kila moja ikiwa na kijikono juu. Mmoja katika wateja alisema ni mali ya polisi, na mwuza mitumba akaogopa. Polikarp alimpa redio-kaseti aliyoifufua mwenyewe, akaondoka na boksi kwenye baiskeli.

"Nilifika nyumbani nikaweka betri. Nikasukuma kijiti, kile kijikono kikaenda. Nikarudisha, kikarudi," anasimulia, na uso wake unafunguka kwa mara ya kwanza. "Hakuna waya kati yangu na kile kitu. Nilikaa mpaka chakula kikapoa."

Mota moja ilikufa wiki ileile, zikabaki mbili. Akaunda ndege kwa ile plastiki nyeupe, nyepesi, inayokuja kwenye maboksi ya televisheni, akaikaza kwa vijiti vya mianzi na kuizungushia selotepu ya kahawia. Haikuwa na injini. Kilima cha Mollo kinapokea upepo wa kusini-mashariki karibu kila siku ya kiangazi, na upepo huo ukigonga mteremko hauna pa kwenda ila juu. Ndege inaulalia kama anavyofanya mwewe.

Ndege ya kwanza ilikuwa na mkia kama ndege zote. Lakini kila ilipotua kwenye matuta ya mviringo ya Kifipa, mkia ulikatika. Ulikatika mara sita.

"Ya sita nikasema basi, mkia uende zake," anasema Polikarp. "Mwewe akikunjua mabawa, mkia wenyewe unauona? Nikatengeneza bawa tupu."

Hapo ndipo alipopata kazi ambayo hata leo anaieleza kwa majivuno ya haki. Ndege yenye mkia huinua na kushusha pua kwa vibao vya mkiani, na huinama upande kwa vibao vya mabawani. Kila kibao kina kazi yake. Ukiondoa mkia, vinabaki vibao viwili tu, cha kushoto na cha kulia, nyuma ya bawa. Hivyo viwili lazima vifanye kazi zote.

"Vikipanda vyote pamoja, pua inapanda," anaeleza, akiigeuza ndege juu ya meza ili mwandishi aone tumboni. "Vikishuka pamoja, pua inashuka. Kimoja kikipanda na kingine kikishuka, ndege inainama na kugeuka. Sasa unataka ipinde na huku ipande? Kila kibao kipokee amri mbili kwa wakati mmoja, kizijumlishe."

Ameambiwa na padri mmoja aliyewahi kuziona ndege hizo Ulaya kwamba siku hizi rimoti za huko zinajumlisha zenyewe kwa umeme. Yake haiwezi. Kwa hiyo Polikarp alichonga ubao mdogo unaoteleza kwenye mifereji miwili, mbele na nyuma, akafunga mota moja juu yake. Mota ya pili aliifunga pembeni, kazi yake kuusukuma na kuuvuta ubao wenyewe. Kutoka kwenye kijikono cha mota ya juu zinatoka spoki mbili za baiskeli, moja hadi kila kibao.

Ubao ukivutwa, spoki zote mbili zinakwenda pamoja. Kijikono cha mota kikizunguka, spoki moja inasukuma na nyingine inavuta. Yakitokea yote mawili, kila spoki inachukua jumla yake. Hakuna kilichonunuliwa hapo isipokuwa gundi.

Kazi hiyo ilimchukua miezi minne. Kwa fundi aliyeishia darasa la saba, ni kazi ambayo mtu angestahili kupigiwa makofi barabarani. Makofi yalikuja, lakini hayakuja kwake.

Polikarp alijaribu kuirusha mwezi mzima, na kila siku alirudi Malangali na vipande kwenye mfuko wa sukari. Kosa lake analijua hata yeye. Anavuta kijiti hiki mpaka mwisho, na kile mpaka mwisho, wakati kibao kina nafasi moja tu ya kwendea. Kikishafika mwisho kwa amri ya kwanza, hakina cha kuongeza kwa ya pili, na ndege inafanya inavyotaka.

Siku moja upepo ulikuwa mkali, akahitaji mikono yote miwili ili kuirusha. Akamwita mkewe kutoka shambani, akamvika rimoti. "Nilimwambia, shika tu, usiguse kitu," anakumbuka.

Edith aligusa. Ndege ilikaa hewani dakika nne, ikatua kwenye nyasi bila hata selotepu kubanduka.

Haya ya siku hiyo Edith mwenyewe alikubali kuyaeleza, siku ya pili ya ugeni wetu, akiwa anachambua maharage na bila kuitaja ndege kwa jina. "Ni kama kupeta," alisema. "Ukipeta ulezi, mikono yote inapanda, nafaka inaruka. Ukitaka makapi yatoke upande, mkono mmoja unashuka kidogo. Unafanya yote mawili, na hufikirii. Na huchukui nguvu zote, ukichukua zote unamwaga. Nimeshika ungo tangu nina miaka saba. Baba Angela hajawahi kushika ungo."

Polikarp alikuwa mlangoni, akasikia. Alitoka kwenda kutazama kitu uani ambacho hakikuhitaji kutazamwa.

Tangu hapo kazi ikajigawa yenyewe. Yeye anaunda na kukarabati, mkewe anarusha. Wadudu na mvua wakulima wa Mollo wanajua namna ya kukabiliana navyo, lakini vikundi vya ndege wadogo vinavyoshuka kwenye ulezi uliokomaa vinawashinda. Kila mwaka watoto walitolewa shule Mei na Juni kwenda kupiga makelele mashambani. Msimu wa mwaka jana Edith alisimama kilimani na mwewe wake wa plastiki, na ndege wadogo walipokiona kivuli kile walihamia kwa majirani. Watoto walibaki darasani.

Mwenyekiti wa kikundi cha wakulima hao, Bi Kristiana, mjane wa makamo anayeongea polepole na asiyekatizwa, anasema kaya thelathini na nane zilikubaliana kutoa debe moja moja la ulezi kwa nyumba ile kila mavuno. "Hatukutoa kwa huruma," anasema. "Tulivuna."

Kina mama wakaanza kumwita Edith Mama Mwewe. Wageni walitoka mjini na kamera. Na Shigela, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia Mollo na ng'ombe wake miaka minane iliyopita, mtu wa mizaha, akamwamkia Polikarp njiani, mbele ya watu: "Habari za asubuhi, mume wa Mama Mwewe."

Shigela anasema alitania tu, na hakuna sababu ya kutomwamini. Lakini mzaha ukaenea. Hata wateja wa redio wakauchukua.

"Miaka kumi na saba watu wananiita fundi," anasema Polikarp. "Nikawa mume wa mtu."

Hapa fundi anaomba mlango wa kibanda urudishwe. Tulikuwa tumerudi Malangali mchana ule, na ndege imelala kifudifudi juu ya meza. Mwandishi, ambaye hajui kitu chochote kuhusu vyombo vya kuruka, aliuliza swali la kijinga. Chini ya kila kibao kuna kipande cha bati chenye matundu matatu, na spoki imeingizwa kwenye tundu la nje. Mbona upande wa kushoto tundu la ndani lina mkwaruzo mpya, na upande wa kulia halina?

Polikarp alichukua bisibisi, akaiweka. Akachukua koleo, akaliweka pia.

"Hilo tundu," alisema mwishoni, "hakuna mtu aliyeniuliza."

Wiki tatu kabla, bwana shamba wa wilaya na wageni wengine walialikwa Mollo kuona ndege ikilinda ulezi. Meza iliwekwa chini ya kilima, na mtungi wa pombe ya ulezi juu yake. Asubuhi ile Shigela alikuwa amemwamkia kwa jina lake jipya. Njiani mtu mwingine alimwuliza kama leo Mama Mwewe amemruhusu abebe betri.

Polikarp anasema aliikagua ndege kama kawaida, peke yake, nyuma ya baiskeli. Aliuchomoa mwisho wa spoki ya kushoto kutoka tundu la nje, akauingiza tundu la ndani. Spoki ikifungwa karibu na bawaba, kibao kinakwenda mbali zaidi kwa amri ileile.

"Nilitaka iwe kaidi kidogo tu," anasema. "Imshinde. Ageuke, aseme, Baba Angela hebu ishike wewe. Mbele ya bwana shamba. Hicho tu ndicho nilichokitaka, aniite mbele yao."

Hakuwa hata na mpango wa nini kingetokea baada ya kuitwa, kwa kuwa yeye mwenyewe hajui kurusha. Wivu ulimzibia hilo, na anakiri mwenyewe, anacheka kicheko kifupi kisicho na furaha.

Edith aliirusha. Alipovuta kijiti ili ipande, kibao cha kushoto kilipanda kuliko cha kulia, na ndege badala ya kuinua pua tu ikajilaza kushoto. Akairudisha kulia, ikazidi. Akavuta tena. Ilishuka moja kwa moja kwenye meza ya wageni na kuupasua mtungi, pombe ikawamwagikia magotini.

Bwana shamba alicheka kwa adabu. Wengine walicheka bila adabu. Edith alivua rimoti, akaiweka kwenye nyasi, akasema maneno ambayo Mollo nzima inayakumbuka: "Mkono wangu umekufa."

Polikarp aliirudisha spoki mahali pake jioni ileile. Hakusema neno.

"Ulipomwona vile ulipata raha?" mwandishi alimwuliza.

"Mpaka tulipofika nyumbani," alisema.

Kilichotokea nyumbani ndicho kinachomnyima usingizi. Edith hakulia wala hakugomba. Aliacha kupeta. Ungo alimpa Angela, binti yao mkubwa, na tangu siku hiyo hajaushika. Akinywa chai hushika kikombe kwa mikono miwili. Kuna asubuhi Polikarp alimkuta amekaa jikoni ameinyoosha mikono mbele yake, anaitazama.

"Anadhani ni ugonjwa," alisema Polikarp. "Mama yake alipooza mkono kabla ya kufa. Anadhani umemfikia."

Kisha akasema habari hiyo isiandikwe. Baada ya muda akasema iandikwe, kwa sababu mkewe husoma gazeti baada ya misa, na yeye hawezi kumtazama usoni akayasema. Mwandishi alimjibu kwamba gazeti haliwezi kumwambia mke wa mtu jambo ambalo mumewe hajamwambia, na kwamba kama hatasema, hapatakuwa na makala. Haikuwa ubabe. Mwanamke alikuwa anaishi na hofu ya kupooza, na dawa yake alikuwa nayo mtu anayelala naye kitanda kimoja.

Jumamosi kikundi kilikutana Mollo, kwenye uwanja wa kupuria. Ulezi ulikuwa umekomaa na ndege walikuwa wameshakula kingo za mashamba matatu. Bi Kristiana alikuwa na jambo moja la kuamuliwa: kama Mama Angela harudi kilimani, basi kuanzia Jumatatu watoto watolewe shule kama zamani. Alimgeukia Edith na kumwuliza mbele ya wote.

Edith alisimama. "Mnisamehe," alisema. "Nilishawaambia. Mkono hauna nguvu tena. Tafuteni njia nyingine."

Mama mmoja aliyekuwa na mtoto darasa la saba, mwaka wa mtihani, alifunika uso kwa khanga. Bi Kristiana alikuwa ameshafungua daftari ili aandike uamuzi.

Polikarp alisimama nyuma kabisa, karibu na baiskeli. "Mwenyekiti, naomba kusema. Mkono wake ni mzima."

"Baba Angela, huo ni mwili wake," alijibu Bi Kristiana. "Mwache aseme mwenyewe."

"Hajui. Mimi ndiye ninayejua." Alikuja mbele na ndege kwapani, akaigeuza tumbo juu, na badala ya kuomba radhi akaanza kueleza habari za bawaba na matundu. Wakulima walitazamana. Pengine hiyo ndiyo lugha pekee anayoiweza fundi. Alieleza tundu la nje, tundu la ndani, kwamba kimoja kikienda zaidi ya mwenzake amri ya kupanda inageuka kuwa amri ya kuinama. Alipofika kwenye asubuhi ya wageni, akainua macho kutoka kwenye ndege.

"Ni mimi niliyeihamisha," alisema. "Nilimwonea wivu."

Shigela alitazama viatu vyake.

Edith alikuwa hajakaa. Aliuliza swali moja. "Upande gani?"

"Kushoto."

Akafumba macho, na kidole gumba chake cha kushoto kikajongea hewani, kikivuta kitu kisichokuwapo. "Nilivuta, ikaenda kushoto," alisema. "Nikairudisha, ikazidi. Nilisema, nimeuvuta vizuri huu. Nilijua nimeuvuta vizuri." Akafumbua macho. "Siku ishirini na tatu, Baba Angela. Nimemwachia mtoto ungo. Nimeanza kumwonyesha Angela wapi mbegu zinakaa, ili nikilala kitandani ajue. Na wewe unaniona."

"Nilikuona," alisema Polikarp.

"Haya. Leo usinisemeshe."

Alimnyang'anya ndege. Yeye mwenyewe aliinua kibao cha kushoto kwa kidole, akakilinganisha na cha kulia, akachungulia matundu yote mawili, jambo ambalo hajawahi kulifanya kwa kuwa alimwamini fundi wake. Kisha akavaa rimoti na kupanda kilima. Kikundi kizima kilimfuata. Polikarp alifuata nyuma ya wote.

Juu, Edith alikataa kurushiwa. Aliishika ndege kwa mkono wa kulia, akasubiri upepo, akaisukuma.

Ilishuka kidogo, na mama mmoja akashika mdomo. Halafu ikapanda. Ilipanda bila haraka, ikalala upande, ikazunguka juu ya shamba la kwanza huku ikiendelea kupanda, vibao viwili vikicheza chini ya bawa kwa namna ambayo kwa macho huwezi kusema hiki kinageuza na hiki kinainua. Kivuli kilipita juu ya ulezi, na ndege wadogo wakaruka wote kwa pamoja na kwenda zao bondeni.

Vigelegele vilipigwa. Edith alikuwa analia na kuendesha, kamasi zinamshuka na hana mkono wa kujifutia. Bi Kristiana ndiye aliyempangusa kwa ncha ya kitenge chake. Ilikuwa dakika ishirini na mbili kabla hajaitua.

Akiwa bado anahema, alimwita mwandishi. "Sasa andika," alisema. "Andika mwewe ni kazi ya Baba Angela. Alikaa miezi minne na spoki za baiskeli, hakuna mtu mwingine Ufipa yote anayeweza. Jina lake litangulie. Kuhusu hilo jingine, nitaongea naye nyumbani, na halikuhusu."

Alisema kwa sauti ya kutosha watu wasikie, na watu wakageuka kumtafuta mumewe. Shigela alikuwa wa kwanza kumpa mkono. "Fundi," alimwita.

Kuanzia Jumatatu iliyofuata watoto wa Mollo walikwenda shule, na Edith alipanda kilimani. Makubaliano mapya ni kwamba ndege hairuki kabla wote wawili hawajagusa vibao vyote viwili, kila mmoja kwa mkono wake. Ungo umerudi kwake. Nyumbani, kwa mujibu wa Angela, baba alilala kwenye kiti siku nne, kisha akaruhusiwa kurudi.

Polikarp ana mpango wa kuunda ndege ya pili kabla ya msimu ujao, kwa ajili ya mashamba ya upande wa pili wa kilima, na anatafuta mota nyingine kwenye kila robota la mitumba linalofunguliwa Chala. Anasema ya pili angependa aiweze yeye. Kila asubuhi anajaribu, na mkewe sasa anamtazama na kumwelekeza kutoka shambani. Rekodi yake imefika sekunde arobaini.

Siku ya kuagana tulisimama naye kilimani huku Edith akirusha na kundi la wageni kutoka mjini likishangilia. Hawakumwuliza yeye jambo lolote. Mwandishi alimwuliza anatumaini nini.

Macho yake yaliifuata ndege.

"Aliponisifu mbele ya watu wote wale, unajua niliwaza nini?" alisema. "Niliwaza, hata kusamehe ananishinda." Akajikuna kidevu. "Natumaini siku moja watampigia makofi hivi, na mimi nipige nao, nisisikie kitu hapa kifuani."

"Na leo?"

Polikarp alianza kupiga makofi pamoja na wageni, polepole, mikono ikiwa juu ili mkewe aione.

"Leo nasikia," alisema, na akaendelea kupiga.